Gari Lililotembea Kidogo na Aibu Iliyojificha Chini Yake



Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Msomaji mpenzi, juma hili sitaandika juu ya mirathi wala juu ya malezi. Nitaandika juu ya kipande cha mpira kinachoenea katika kiganja cha mkono, kilichofungwa chini ya gari mahali ambapo wengi wetu hatujapata kupatazama. Usistaajabu. Kipande hicho kilinikosesha usingizi, kikaniweka kwenye mtihani ambao nimekuwa nikiwasomesha watu jawabu lake kwa miaka mingi, nami sikujua kuwa jawabu lile ni zito kiasi gani mpaka liliponifika mlangoni.

Gari letu la nyumbani ni dogo, la Kijapani, mfano wa yale yaliyojaa katika mitaa yetu kuanzia Mtwapa hadi Ukunda. Lilitengenezwa mwaka 2013. Tulilinunua mwaka 2020 katika mojawapo ya yadi za Mombasa, na siku hiyo mita yake ilisoma kilomita 29,000. Halina safari ndefu. Asubuhi huwapeleka watoto skuli, alasiri huwapeleka madrasa, Jumamosi huenda sokoni Kongowea, na mara moja moja humvusha mama yangu Likoni kwenda kuwazuru jamaa zake. Tulipoamua kuliuza ili tukamilishe karo ya chuo ya binti yetu mkubwa, mita ilikuwa imefika kilomita 46,000 tu. Gari la miaka 12, kilomita 46,000! Ukisikia hivyo wadhani umeokota lulu.

Mnunuzi alipatikana kabla hatujatangaza. Ni kijana wa msikitini kwetu, aliyeoa mwaka uliotangulia. Tukapatana shilingi 520,000, na ahadi ikawa Ijumaa baada ya sala. Aliniambia maneno ambayo siku ile yalinifurahisha: "Sheikh, nimetafuta miezi mitatu. Gari lenye kilomita hizi, tena lililokuwa mkononi mwako, sina haja hata ya kuita fundi."

Hodi ya Likoni

Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo nilimvusha mama. Feri ilipofika gatini na magurudumu ya mbele yakakanyaga lile bamba la chuma la kutokea, nikasikia mgongo mkavu chini ya miguu yangu: ko, ko. Mama, ambaye maishani mwake hajapata kushika usukani, akaniuliza, "Mwanangu, gari lako lina nini? Lagonga kama mtu abishaye hodi." Nikamjibu kuwa ni bamba la feri. Lakini tulipofika kwenye matuta ya mtaani hodi ile ile ikabishwa tena, na hapakuwa na feri.

Jumanne nikalipeleka kwa fundi wetu, kijana aliyepata kusoma madrasani kwangu. Akaliinua kwa jeki, akaweka stendi imara chini yake, kisha akaanza uchunguzi. Alilishika gurudumu la mbele la kushoto, mkono mmoja juu na mmoja chini, akalitikisa, nikaliona likicheza. Akaingia chini na mtaimbo, akausukuma mkono wa chuma ulioshika gurudumu, na pale penye mpira pakafunguka kama mdomo. Akatoka, akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Maalim, gari hili halikutembea, lakini limezeeka."

Nikamtaka anieleze kama nilivyokuwa nikimweleza yeye zamani, pole pole na kwa mifano. Akaeleza, nami nawapitishieni.

Kila gurudumu la mbele la gari dogo la kawaida limeshikwa na mkono wa chini, ambao mafundi huuita loa ama. Upande mmoja mkono huo umefungwa kwenye mwili wa gari kwa bushi, ambazo ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje. Mpira ndio unaoruhusu mkono upande na kushuka bila chuma kugonga chuma. Upande wa pili umeungana na gurudumu kwa boli jointi, yaani tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe chake, mfano wa kiungo cha nyonga ya mwanadamu. Juu yake wako springi na shokomzoba: springi hubeba uzito wa gari, na shokomzoba huituliza springi isirukeruke. Juu kabisa wa shokomzoba pana maunti, ambayo nayo ina mpira. Kisha iko linki, kijiti cha chuma chenye viungo viwili, kinachounganisha gurudumu na fito inayolizuia gari lisilale ubavu linapokata kona.

Katika gari letu, bushi za nyuma za mikono yote miwili zilikuwa zimepasuka. Boli jointi ya kushoto ilikuwa imelegea. Kifuniko chake cha mpira kilichanika, grisi ikatoka, mchanga ukaingia. Linki zote mbili zilikuwa zikicheza. Shokomzoba ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta yake yenyewe, dalili ya kuvuja. Maunti za juu nazo zilikuwa na nyufa.

"Na hatari yake ni ipi?" nikauliza. Akanijibu kuwa linki mbovu hukera masikio zaidi kuliko inavyodhuru. Bushi iliyopasuka huliacha gurudumu likisogea lisipotakiwa, gari likavuta upande mmoja wakati wa kufunga breki na tairi likalika ukingoni. Shokomzoba iliyokufa huliacha tairi likidunda badala ya kuishika barabara. Lakini boli jointi ndiyo ya kuogopwa. Ikizidi kulegea inaweza kuchomoka, gurudumu likalala ubavu na usukani ukawa hauna amri tena. Jambo hilo halichagui mahali. Laweza kutokea langoni mwa nyumba, na laweza kutokea juu ya daraja la Nyali.

Kwa nini gari huzeeka limesimama

Hapa ndipo penye funzo la kwanza. Sisi huitazama mita tukadhani tumeusoma umri wa gari. Mita yaeleza masafa tu, nayo hayaeleze miaka. Mpira hauhesabu kilomita. Mpira huliwa na hewa yenyewe, na joto, na jua, na mafuta yanayoudondokea. Mwaka hadi mwaka hukauka, ukapoteza unyumbufu wake, ukaanza kufanya nyufa nyembamba ambazo jicho haliziangalii. Gari lililosimama barazani miaka 12 lina mpira wa miaka 12, hata kama dereva wake ni mzee aendaye msikitini na kurudi.

Tena tukumbuke sheria ya nchi yetu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko litokako. Maana yake ni kuwa magari mengi madogo yanaposhushwa Kilindini tayari yana miaka sita, saba au nane. Sisi huyaita mapya kwa sababu ni mapya kwetu. Mpira wake unajua ukweli.

Na pwani yetu haina huruma na magari. Joto ni la mwaka mzima. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Boliti za bushi hushikana na kutu hata fundi akashindwa kuzifungua bila kukata. Barabara zetu za mitaa zina matuta yasiyo na kipimo, na masika yakija mashimo hujaa maji yasijulikane kina chake. Sisi huendesha upande wa kushoto, na ukingo wa kushoto ndio ulioliwa zaidi; ndiyo sababu mojawapo ya gurudumu la kushoto kuumia haraka. Gari la safari fupi za mtaani, lenye kilomita chache, linaweza kuwa limepanda matuta mengi kuliko gari lililokwenda Nairobi na kurudi juu ya lami iliyonyooka.

Liko na jambo jingine ambalo hatupendi kulisikia. Gari la watu watano tunalipakia watu wanane tukienda harusini, na gunia la nazi nyuma. Springi hulala, bushi hukamuliwa, na mpira uliokwisha kukauka ukapata wa kuumalizia. Chombo nacho ni neema na amana, na haki mojawapo ya mnyama katika dini yetu ni asibebeshwe asichoweza. Gari halina roho ya kulia, lakini waliomo ndani wanazo roho.

Ushauri wa dalali

Nilipokuwa ningali gereji, alikuwapo mtu mwingine, dalali wa magari. Alisikia yote, akanivuta kando kwa heshima, akasema: "Sheikh, usijitie hasara bure. Bushi hizo zipigwe oili, linki zikazwe, litanyamaza majuma mawili. Akishalichukua ni lake. Gari la zamani, nani asiyejua?"

Fundi wetu alinyamaza, akaniangalia. Macho ya mwanafunzi yanapomtazama mwalimu wake hungoja jawabu, nami sikulitoa. Nikasema nitarudi.

Sitajitakasa mbele yenu. Njiani nafsi ilinihutubia kuliko nilivyopata kuhutubia minbarini. Iliniambia: kijana mwenyewe amesema hana haja ya fundi. Hakukuuliza juu ya bushi, na wewe hutasema uongo, utanyamaza tu. Karo ya binti yako ina tarehe. Gari la miaka 12 kila mtu ajua lina kasoro. Tazama ujanja wa nafsi, msomaji: kila neno lake lilikuwa na kipande cha ukweli, na jumla yake ilikuwa khiyana.

Tena ile oili yenyewe ni udanganyifu juu ya udanganyifu. Mafuta ya injini hulainisha mpira kwa siku chache mlio ukakoma, lakini mpira wa bushi nyingi huvimba kwa mafuta na kuoza upesi zaidi. Dawa ile huua mgonjwa ili asipige kelele.

Usiku nilimweleza mama watoto. Hakunitolea dalili yoyote ya kifiqhi. Aliuliza tu, "Baba, mke wa yule kijana mimba yake ina miezi mingapi?" Nikasema, nasikia saba. Akasema, "Basi," akazima taa.

Aibu katika lugha mbili

Lugha yetu ilichukua neno moja kutoka Kiarabu, nalo lina kazi mbili. Katika vitabu vya fiqhi, aibu ni kasoro iliyomo katika kitu, inayopunguza thamani yake au kuharibu lengo la kununuliwa kwake. Kwa Kiswahili cha kila siku aibu ni fedheha inayomfika mtu. Maana hizo mbili zina undugu. Kasoro iliyomo katika bidhaa, mwuzaji akiifichua, hubakia kuwa kasoro ya bidhaa. Akiificha, huhama ikawa fedheha yake yeye, hapa duniani au mbele ya Mola wake.

Sote twakijua kisa kilichomo katika Sahihi ya Imamu Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikagusa umajimaji. Akamwuliza mwenyewe sababu, naye akajibu kuwa mvua ilikuwa imeinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya hana nafasi katika safu yake. Mzingatie mtu yule: hakusema uongo, wala mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa kupanga kikavu juu na kibichi chini. Na mita yenye kilomita chache ndiyo nafaka kavu ya juu. Bushi zilizopasuka ndizo nafaka mbichi ya chini.

Kadhalika imepokewa kutoka kwa Uqba bin Aamir (R.A.) kuwa si halali kwa Mwislamu kumwuzia nduguye kitu chenye aibu ila ambainishie. Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.) tumefunzwa kuwa mwuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na kusema uongo, baraka hufutika. Baraka si neno la kupambia mazungumzo. Ni ile tofauti kati ya fedha iliyokuponya haja yako na fedha iliyokutoka bila ya wewe kujua ilikwenda wapi.

Wanavyuoni wetu hawakuishia kwenye mawaidha, waliweka hukumu. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, naye hakuijua, ana haki ya kurudisha alichonunua na kurejeshewa fedha zake. Lakini asichelewe bila udhuru, wala asiendelee kukitumia kama aliyeridhika. Ikiwa mikononi mwake kimepata kasoro nyingine mpya, hawezi kumlazimisha mwuzaji akipokee, ila hustahiki fidia ya ile kasoro ya kwanza kwa kadiri ilivyopunguza thamani. Na kwa wale wanaoandika katika mapatano kuwa gari linauzwa kama lilivyo na mwuzaji haulizwi neno: katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu pwani twayafuata, sharti hilo halimwokoi mwuzaji na aibu aliyoijua akaificha.

Yote hayo nilikuwa nimeyasomesha. Jumatano asubuhi nilimpigia simu yule kijana.

Alikuja gereji, nikamtaka aingie chini ya gari pamoja na fundi, atazame kwa macho yake. Alipotoka nikamwambia: "Mwanangu, mambo ni matatu. Nitalitengeneza kwa fedha zangu ulichukue kwa bei yetu. Au nitakupunguzia gharama yote ulitengeneze mwenyewe kwa fundi unayemwamini. Au uliache, na hapana atakayekulaumu." Alinishukuru, akaomba siku mbili. Ijumaa baada ya sala alinishika mkono, akaniambia kwa haya kuwa mkwewe amemshauri atafute jingine. Nikamwombea heri. Sikumlaumu, kwani hiyo nayo ilikuwa haki yake.

Basi tukalitengeneza. Mikono miwili ya chini pamoja na bushi na boli jointi zake ilikuwa shilingi 9,000. Linki mbili 3,000. Maunti mbili 3,600. Shokomzoba mbili za mbele 9,600. Ufundi 4,000, na kunyoosha magurudumu 1,500. Jumla shilingi 30,700. Karo tuliomba ilipwe kwa mafungu, na binti yetu akapunguza matumizi yake bila kuambiwa. Gari lingali kwetu.

Kwa mwenye gari

Nimeombwa na baadhi ya jamaa niandike kile fundi alichonifunza, kwa manufaa ya wote. Nakiandika kama nilivyokipokea na kukishuhudia.

Sikiliza gari lako. Mgongo mkavu kwenye matuta madogo kwa mwendo wa pole aghalabu ni wa linki, bushi au boli jointi. Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako kisha uachilie: likipanda, likashuka mara moja na kutulia, shokomzoba ina uhai, likiendelea kuyumba, haina. Tazama matairi, likilika ukingo wa ndani au wa nje peke yake, kuna kilichohama mahali pake. Gurudumu likiinuliwa, litikiswe juu na chini, kisha kushoto na kulia, na fundi atajua ni kiungo kipi kinachocheza. Usiingie kamwe chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake.

Unapobadilisha, badilisha pande zote mbili. Bushi mpya kulia na nzee kushoto ni kama kuvaa kiatu kipya mguu mmoja. Jihadhari na spea zilizotumika zinazouzwa kwa sifa ya kutoka Japani: chuma chake huenda ni kizima, lakini mpira wake una umri ule ule wa mpira unaouondoa. Jihadhari pia na spea za bandia. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, uliza sababu kabla ya kufurahi.

Na liko jambo moja ambalo wengi hawalijui, hata baadhi ya mafundi. Boliti za bushi za mpira zisikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limening'inia. Zikazwe uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu yake. Zikikazwe mkono ukiwa umening'inia, mpira hukamatwa hali umejipinda, na gari likishuka chini bushi hubaki imesokotwa usiku na mchana. Haikai ila hupasuka. Wengi wamelalamika kuwa bushi mpya hazidumu, kumbe waliuziwa kitu kizuri kikafungwa vibaya. Baada ya kazi hiyo magurudumu yanyooshwe kwa mashine, ama matairi yataliwa tena.

Wala usingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifuniko cha boli jointi kilichochanika leo ni kitu kidogo. Mchanga ukishaingia ni kiungo kizima. Kiungo kikichomoka ni jambo ambalo hatulitaji ila kwa kujikinga nalo.

Kwa mnunuzi na mwuzaji

Ewe unayenunua, usiolewe na mita. Nyumba njema si mlango. Gari lililotoka Japani huja na cheti cha kusafirishwa nje, na humo aghalabu huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi; mwambie mwuzaji akuonyeshe. Soma tarehe ya matairi: ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne, mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka, hivi kwamba 2313 ni juma la 23 la mwaka 2013. Hesabu miaka, si kilomita peke yake. Na kwa vyovyote liinuliwe, fundi wako alitazame chini. Kukagua si kumdhania ndugu yako vibaya. Yule kijana alipokataa fundi kwa kuniheshimu, alinitwisha mtihani bila kukusudia, na karibu uniangushe. Msitutwishe watu wa vilemba mizigo hiyo. Nasi ni wanadamu.

Ewe unayeuza, bainisha. Kizuri chajiuza, na kilichobainishwa kasoro yake kinauzwa kwa bei yake ya haki. Na anayerudisha nyuma mita ya gari lake ajue kuwa ametoa ushahidi wa uongo, hata kama hakusimama mbele ya kadhi.

Na nyinyi mafundi, wanangu, amana yenu ni nzito kuliko mnavyodhani. Nyinyi ndio mnaoona kile ambacho sisi hatukioni. Mkiulizwa, semeni kweli, hata kama dalali ndiye anayewaletea kazi. Fundi wetu alinyamaza siku ile kwa kunistahi. Baadaye nilimwambia, "Siku nyingine usinistahi. Nikumbushe."

Juma lililopita nilimvusha mama tena. Feri ilipofika gatini na magurudumu yakakanyaga bamba la chuma, alitega sikio, kisha akasema, "Leo habishi hodi." Nikamwambia, tumeshamfungulia mlango.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku chumo la halali, atulinde barabarani sisi na watoto wetu, atusitiri aibu zetu na atupe ujasiri wa kuzibainisha zile ambazo kuzificha ni kumdhuru mwenzetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.